Jani jeusi la mzee Qiu

Saa mbili asubuhi birika linachemka, na Tao Huizhen anakata kucha. Ukucha ukizidi hata kidogo, karatasi inachanika.

Mbele yake, juu ya meza nyekundu ndefu, umelala mchoro wa wino: maua mawili meupe ya yungiyungi na jani moja jeusi lililojaza nusu ya karatasi. Marehemu Qiu Boyan aliuchora hapa Suzhou miaka arobaini na saba iliyopita. Leo ni mali ya jumba la makumbusho. Umeota ukungu, na karatasi iliyogundishwa mgongoni mwake inabanduka.

Hiyo ya mgongoni mafundi wanaiita karatasi ya uhai. Kuitoa ni lazima mchoro wote uloweshwe kwa maji ya moto, kisha fundi asugue kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, kwa siku tatu. Ukishaanza huachi.

Wino uliosagwa jiweni kwa maji kutoka kwenye kijiti cha wino mkavu hautoki hata ukilowa. Wa chupa ni kitu kingine.

"Huo ukikuponyoka, unabaki na bakuli la maji meusi na aibu yako," anasema Tao, mwenye miaka 53, ambaye amesimama kwenye meza hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Mshahara wake ni yuan elfu saba kwa mwezi. Mgongo, anasema, umeshamtangulia kustaafu.

Mzee Qiu hakumtia wasiwasi. Maisha yake yote alijigamba kwamba hagusi wino wa chupa, na maneno hayo yameandikwa hadi kwenye kibao cha maelezo pale makumbusho. Hata hivyo Tao alipima kwa pamba yenye unyevu, kwenye mashina mawili na kwenye sahihi, maana mafundi hupima pembeni wasije wakaharibu katikati. Pamba ikabaki nyeupe.

Siku ya kulowesha, bintiye mzee alialikwa kushuhudia. Qiu Wenjuan, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miaka 58, alifika na keki za kijani za mchele.

"Dada Qiu, hizo ziache nje," Tao akamwambia. "Ukungu nilionao unanitosha."

Mgeni akakaa. Chai hakuigusa. Tao alipochovya brashi pana kwenye maji, mama yule akasimama.

"Fundi Tao, hayo maji ni ya moto kweli?"

"Ya moto, dada. Unataka nikuchemshie tambi?"

"Na kama wino si wa kusaga?"

"Wa baba yako? Acha mizaha."

"Kama ni wa chupa, Fundi."

Brashi ilikuwa juu ya jani. Tao aliirudisha bakulini taratibu.

Ndipo yakatoka. Akiwa na miaka kumi na mmoja, kumsagia baba wino ilikuwa kazi ya Wenjuan, saa nzima kila alasiri. Siku ya kuchorwa jani hilo, wenzake walikuwa uani wanaruka kamba. Akamimina chupa yake ya shule kwenye jiwe la kusagia, akawa anazungusha kijiti juu juu kila baba alipopita.

"Akachora jani, akarudi nyuma, akaniambia, 'Wenjuan, leo mkono wako umenoga. Weusi kama huu sijawahi kuupata.' Akanipa peremende. Mashina na jina alivimalizia kesho yake, wino kasaga mwenyewe. Fundi, mchoro ule hakuuza mpaka anakufa! Kila mgeni anaonyeshwa, mimi naangalia sakafu."

"Miaka arobaini na saba, dada! Ulikuwa unasubiri mimi niuloweshe?"

"Nilikuwa namwonea aibu baba."

"Na mimi hukunionea huruma!"

Tao aligusa jani kwa pamba. Ikatoka nyeusi tii.

Kwa hasira zake zote hakupoteza muda. Aliuviringisha mchoro ndani ya karatasi safi na kitambaa, akaulaza kwenye chombo cha mianzi kama kile cha kupikia mikate ya mvuke, akaufunika. Mvuke huushika wino ukatulia. Alifundishwa hivyo na fundi wake wa zamani.

"Unampika baba yangu," Qiu akasema.

"Kwa ajili yako. Kaa chini."

Siku mbili baadaye alipima tena, mara tano, jani zima. Nilikuwepo. Pamba ilibaki nyeupe.

Akaulowesha, akasugua siku zake tatu, na sasa mchoro una karatasi mpya mgongoni, umegundishwa kwenye ubao wa ukutani, unakauka. Jani ni jeusi lote. Qiu alipouona alilia kwa sauti, mzigo umemtoka, na Tao akamvuta nyuma kwa kiwiko: "Lilia huko, dada. Chozi nalo ni maji."

Kibao kitaandikwa upya kabla ya maonyesho ya vuli, kwa ombi la Qiu mwenyewe. "Andikeni jina langu," alisema. "Baba alisifu mkono usiofanya kazi."

Tao anastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo anataka kuokoa michoro kumi na mmoja ya mzee iliyobaki stoo, aondoke na moyo mweupe.

"Hiyo yote ni ya kusaga, si ndiyo, dada?"

Mwalimu wa hesabu akatazama dari, akahesabu kwa vidole, akakosa vidole.

"Ipime yote, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa mvivu mpaka nilipoolewa."