Vyuma Havikimbii

Nakumbuka siku ile kwa filimbi zake. Wanajeshi walikuwa wakiandikisha vijana uwanjani Nkubu, nami nilikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi, nikiwasikia wenzangu wakikimbizwa.

Mwanangu, nimechoka leo. Lakini nimekuona ukishika kikombe kwa mikono miwili, nikajua umetoka jimu kuinua vyuma tena, kama jana na juzi. Basi nivumilie kidogo.

Sisi hatukuwa na jimu. Tulijaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi, tukayaunganisha kwa bomba la maji. Nililitaka jeshi kuliko nilivyotaka kula. Zilipobaki wiki mbili ndipo nikaanza, nikitaka kazi ya mwaka mzima iishe kwa siku hizo. Asubuhi nainua, jioni nainua. Misuli ikiuma, nasema ndiyo inakua. Ah, ujana! Mikono ikavimba hata shati halivuliki, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Hata hapo niliona haya kusema, nikainua tena, mpaka nikaanguka.

Mama alikuwa mzaliwa wa Kiambere, kwenye ukame, ambako maji huchotwa kwa punda. Alikaa kando ya kitanda, wala hakunifokea.

“Wewe Mutwiri,” akasema, “kwetu punda mchanga anabebeshwa mtungi moja, halafu anapumzishwa. Ukimbebesha nne siku ya kwanza, kesho utabeba maji wewe mwenyewe. Sasa ona, ni mimi nakubeba.”

Nililia, mwanangu. Si kwa maumivu, ni kwa zile filimbi. Walipokuja tena kuandikisha, umri ulikuwa umenipita.

Haraka haraka haina baraka. Tuliimbiwa tangu shuleni, na nani alisikia? Hata wewe najua hutasikia yote. Shika haya machache. Anza na chuma chepesi, wenzako wacheke wakitaka. Ukiinua leo, kesho pumzika, maana mwili hujijenga ukiwa umetulia. Kula ushibe, unywe maji, ulale. Na ukiona mkojo umegeuka rangi, ujue misuli iliyochanika inaumiza figo; usione haya kama mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kesho usiende. Vyuma havikimbii, utavikuta pale pale. Mungu akupe nguvu pole pole, mwanangu, na siku filimbi yako ikilia, ikukute umesimama.