Gobore la Mzee Piet

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo si ya mlipuko. Ni ya ufito wa chuma ukidondoka ndani ya mtutu mtupu wa gobore: nge! Halafu unacheza kidogo kule chini, nge-nge, kama kijiko ndani ya chupa. Mzee Piet alianza hivyo kila mara kabla ya kutia baruti, apate kujua ndani hamna kitu. Mtutu ukiwa umeshashindiliwa, ufito unasema du, basi.

Nilikuwa na miaka minane, na Durban ilikuwa bado mpya kwetu. Tulitoka Kongo tukikimbia vita, na mimi woga wangu nilikuja nao mzimamzima. Kitu kikilia pa, niko chini ya meza. Majirani zetu Wahindi pale Overport walipowasha fataki za sikukuu yao ya taa, watoto wote walitoka kushangilia. Mimi nilijificha chini ya kitanda mpaka nikajikojolea. Ndipo Papa akasema Jumapili atanipeleka Bluff, kwenye uwanja wa shabaha, nizoee milio.

Papa alikuwa mlinzi wa usiku bandarini. Kila Jumapili asubuhi, badala ya kulala, alikwenda kupanga shabaha za wazee fulani waliopenda bunduki za zamani, zile za kumiminia baruti mdomoni. Mama alikuwa anajiandaa kwenda saluni kusuka watu. Aliposikia nami nakwenda, akaweka kitana chini.

"Papa Neema, tulikimbia bunduki nchi nzima, leo unazifuata na taxi, na mtoto?"

"Hizi si zile, Mama Neema. Hizi ni za zamani."

"Risasi iko na umri?"

Papa akavaa viatu. Alikuwa amechoka, na siku hizo majibu yake mengi yalikuwa kufumba macho tu.

Kule Bluff Mzee Piet, Mzungu mwenye ndevu zilizogeuka njano kwa tumbaku, aliniacha nishike gobore la babu yake. Papa akaniambia, kwa mara ya kwanza, kwamba babu yangu naye alikuwa na la kwake. Mhunzi alilitengeneza kwa bomba la usukani wa lori, na likilia huko porini, wanawake kijijini wanabandika sufuria. Jamani, nilisimama pale nikiota. Kumbe iliwahi kuwepo bunduki ambayo watu waliisubiri kwa hamu!

Wazee wakaweka baruti, kitambaa chenye mafuta, risasi ya mviringo, kisha kushindilia polepole.

"Eish, Papa, hii iko mvivu sana."

"Kama mimi," akacheka. "Ikisema neno moja inaomba kupumzika."

Mzee Piet akampa Papa bunduki. Papa akaitazama kwa muda, akaniambia nishike shati lake kwa nyuma. Buuum! Moshi mweupe ukatufunika, ukinuka kama yai viza. Miguu yangu ilitaka kukimbia, ila meza haikuwepo. Nikangoja mlio wa pili, maana kwetu wa pili ulikuja siku zote, na wa tatu, na kilio. Haukuja. Moshi ukaondoka taratibu, na mimi nilikuwa bado nimesimama.

Wazee wakapiga makofi. Nikainama kama mwigizaji. Mzee Piet akamwambia Papa, "Leo umekubali!" Papa akakaa kwenye nyasi, jasho likimtiririka. Nikadhani ni usingizi wa kazini.

Niwaambieni, ilinichukua miaka kuelewa makofi yale yalikuwa ya nani. Jumapili zote zile Papa alipanga shabaha akiwa na pamba masikioni, na kila alipopewa bunduki alikataa. Alihitaji mtu wa kumshika shati.

Tuliporudi alilala kitini na viatu vyake. Vidole vilikuwa vyeusi, vinanuka baruti, na Mama alikuwa karibu kurudi. Nikapasha maji, nikaleta sabuni, nikamwosha kidole kimoja kimoja, taratibu, asiamke. Kisha nikayamwaga yale maji meusi chooni, nikafungua dirisha.