Chumvi ya Bi Leonilde

Mtaani kwetu Salamina, mwanamke akihamia nyumba na mmea ukanyauka, hakuna anayeangalia chungu, wala udongo, wala maji. Wanamwangalia mwanamke. Husemwa ana mkono wa moto, na kesi yake imekwisha kabla hajafungua mdomo. Jambo hili linanichemsha damu hadi leo, na kama kuna jirani atanuna akisikia naliandika, anune.

Nelcy aliolewa na Arcesio, mwana wa pekee wa jirani yangu Bi Leonilde, akaja kuishi kwa mama mkwe. Alikuwa binti wa wachuma kahawa, mcheshi, mikono yake haikai bure. Baraza la Bi Leonilde lilisifika kwa vyungu vya kuning'inia, na fahari yake kuu ilikuwa ule mmea wa majani marefu yenye mstari mweupe tunaouita Mama Mbaya, kwa sababu watoto wake huwatupa nje ya chungu wakabaki wanabembea hewani. Mwaka ule ncha za majani zikaanza kukauka, zikawa rangi ya kahawia. Watoto wakaacha kutoka. Na Nelcy naye alikuwa hajashika mimba.

Mambo yakaunganishwa upesi. Kwanza alikatazwa kumwagilia. Kisha akakatazwa kupita barazani akiwa katika siku zake. Mke wa mtu, anatokea uani kupitia banda la kuku. Mwisho nikamsikia Bi Leonilde kwa masikio yangu, mbele yetu wanawake wa rozari, akimwambia mwanawe, "Mkono unaokausha majani hukausha na tumbo. Mrudishe kwao, Arcesio, ungali kijana."

Nelcy alikuwa palepale, ameshika sinia ya vikombe. Arcesio akakoroga kahawa yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilitamani kummwagia kahawa ile kichwani.

"Nipe mimi huo mmea," nikamwambia Bi Leonilde. "Na huyo binti asiende popote mpaka tujue mmea unaumwa nini."

Akakubali, maana mkono wangu una jina zuri kwa maua. Akauleta mwenyewe, pamoja na chupa kubwa ya maji. "Mwagilia haya kila asubuhi, jirani. Ndiyo yanayouzuia usife kabisa."

Alipoondoka tu, nikamwita Nelcy jikoni kwangu. Akasimama mlangoni.

"Bi Rubiela, mimi nisikaribie. Mmea ukifa je?"

"Usinichoshe, mwanangu. Njoo uutazame, uniambie unaona nini."

Akasogea polepole. Akageuza jani moja, kisha jingine. "Ncha tu ndizo zimekauka," akasema. "Ungekuwa na kiu, jani zima lingelegea. Ingekuwa jua, upande mmoja tu ungeungua." Akaona ukoko mweupe juu ya udongo na kuzunguka mdomo wa chungu. Akaukwangua kwa ukucha, akaulamba, akatema. "Chumvi hii."

Sote tukaitazama ile chupa. Akayaonja na yale maji, akakunja uso.

Yalikuwa maji ya baraka. Padri wetu hutia chumvi kidogo anapobariki maji, kama walivyofanya wa zamani. Lakini Bi Leonilde hapendi baraka nusunusu, basi humwongezea Mungu kiganja kizima cha chumvi yake aliyoipeleka kubarikiwa. Kila asubuhi alikuwa akiumiminia mmea maji yale kuukinga na mkono wa mkwewe. Ncha zikizidi kukauka, naye anazidi kumimina. Nilicheka kwa hasira. Nelcy hakucheka.

"Yaani ananiogopa hivyo," akasema.

Nikaficha mikono ndani ya aproni, nikaapa sitagusa hata jani. Kazi yote aliifanya yeye. Alichota maji ya mvua kwenye pipa, akayapitisha kwenye chungu tena na tena yakichuruzika kwa chini. Akautoa mmea, akakung'uta udongo wa zamani, akakata mizizi iliyooza, akatia udongo mpya. Ncha kavu akazipunguza kwa mkasi akifuata umbo la jani, akiacha uzi mwembamba wa kahawia ili asilijeruhi lililo hai. "Palipokauka hapapati tena kijani," akaniambia. "Tungoje majani mapya."

Yakaja, safi mpaka nchani. Mvua zilipokaribia kwisha, bua refu likajitokeza, na mwishoni mwake mtoto.

Tukaurudisha siku ya rozari, watu wamejaa. Wakaanza kunisifu: mkono wa Rubiela, mkono wa baraka.

"Mkono wa Rubiela ulikuwa ndani ya aproni," nikawaambia. "Huyu hapa ndiye aliyeuponya. Na kilichokuwa kinauua, Bi Leonilde, ni chumvi yako. Onja maji ya chupa yako kama unabisha."

Hakuonja. Akapapasa rozari yake. "Mimi nilikuwa naomba tu. Kuomba si dhambi." Neno samahani halikutoka. Kisha, kama mtu anayetoa zawadi, "Basi Nelcy, kuanzia kesho utamwagilia wewe."

Nikadhani tumeshinda. Arcesio naye akapumua, akatabasamu, akamshika mkewe bega. "Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si wewe."

Nelcy akageuka. "Ulijua?"

"Nilijua. Mambo ya mkono wa moto, nani anayaamini siku hizi?"

Akautoa mkono wa mumewe begani.

"Mama yako aliamini," akasema. "Yeye naweza kumsamehe."

Akaingia chumbani kukusanya nguo zake. Nami nikamfuata kumsaidia kufunga mzigo.