Wali Mweupe wa Mzazi

Mama Faridah wa Kasongo ametwanga mpunga tangu utoto, na viganja vyake ni ushahidi. Alitwanga kwao, akatwanga kwa mume, akatwanga hata mwaka aliofiwa na mume, maana kinu hakina eda. Kwa hiyo mashini ya kukoboa ilipofika mtaani, yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Mchele ulitoka mweupe pe! Akaapa kwamba mke wa mwanawe hatakula tena wali wenye wekundu wa pumba, chakula cha watu wasio na mtu wa kuwajali.

Mwanawe Kassimu anachimba dhahabu Salamabila, na mkewe, Latifa, anakaa na mama mkwe. Latifa alipojifungua mtoto wa kwanza, Djuma, Faridah alimlisha kama desturi ya nyumba ile ilivyotaka: arobaini nzima wali mweupe, maji ya moto na sukari kidogo. Sombe, yale majani ya muhogo, marufuku, maharagi marufuku, eti yatamsokota mtoto tumbo. Mchele aliuosha mara tatu mpaka maji yakawa safi. Arobaini ilipoisha akaongeza mwezi, kwa sababu alimpenda yule binti, jamani, alimpenda kweli. Pumba aliibeba kutoka kwenye mashini akawapa mabata.

"Mama, miguu inaniwaka, ni kama siafu wananiuma," Latifa alilalamika.

"Ni uzazi tu, mwanangu. Kula."

Djuma alipotimiza miezi miwili, sauti ikaanza kumkauka. Alikuwa akifungua kinywa, uso umekunjamana, na hakitoki kitu. Na Faridah, Mungu amsamehe, akajisifu kwa majirani: "Mujukuu wangu iko na adabu. Halii hata!" Siku ya tatu mtoto akaanza kuhema mbiombio, midomo ikabadilika rangi, na kabla pikipiki haijapatikana alikuwa amekwisha kufa. Watu wakasema ni jicho. Faridah akakubali upesi, kwani jicho ni kosa la mtu mwingine.

Baada ya miaka miwili akazaliwa Fadhili. Safari hii Faridah alizidisha mapenzi, mchele akauosha mara nne. Mabata wakanona hata kukimbia hawawezi.

Asubuhi moja, akiwa na miezi miwili na siku kadhaa, Fadhili alifungua kinywa alie, na sauti haikutoka. Lahaula! Faridah hakungoja kumsifu. Alimfunga mtoto kifuani, akamshika Latifa mkono, wakapanda pikipiki moja mpaka kituo cha afya. Njia nzima aliomba jambo moja tu, huyu asichukuliwe.

Muuguzi, Léontine, alimsikiliza mtoto moyo, akabonyeza miguu ya Latifa, kisha akamgeukia mkongwe. "Mama yake anakulaka nini?"

"Wali, munganga. Mweupe kabisa. Naosha mara ine," Faridah akajibu, na hata katika hofu ile alikuwa na fahari yake.

Léontine akashusha pumzi. "Mama, ile wekundu ya mchele ndiyo iko na vitamini, tunaita B1. Mashini inaitoa. Kidogo yenye inabakia inayeyuka mu maji, munamwanga. Mama akikosa, maziwa yake inakosa, na moyo wa mutoto unachoka. Ni beriberi." Akamchoma mtoto sindano ya hiyo vitamini.

"Kwa hiyo iko ndani ya pumba?" Faridah akauliza polepole.

"Ndiyo, mama."

"Nilipatia mabata."

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Latifa alikuwa amesikia yote. "Na wa kwanza, Djuma," akauliza, "hii sindano ingemuponyesha?"

Léontine akatazama chini. "Pengine ingemuponyesha."

Latifa akamgeuzia mama mkwe mgongo. Faridah alitaka kumwambia kwamba ilikuwa ni mapenzi, wallahi, mapenzi matupu. Wakakaa hivyo, mtoto katikati yao, mpaka adhana ya adhuhuri.

Ndipo Fadhili akakohoa. Akakunja uso, akalia. Akalia kwa sauti, wagonjwa walioko barazani wakageuka. Latifa akafungua kifua haraka amnyonyeshe.

"Muache," Faridah akasema. "Muache alie kidogo, mwanangu."

Latifa akafunika kifua, akamwacha mtoto alie. Faridah akakaa chini sakafuni, akamsikiliza Fadhili, naye akamlilia Djuma.