Mtihani wa Jumamosi

Tuliambiwa serikali imeamua shule yetu ijisimamie. Kujisimamia! Shule ambayo mama zetu waliibebea mawe na maji kutoka mtoni, tukaamka asubuhi moja iko chini ya bodi na meneja mwenye tai shingoni. Neno lake la kwanza: darasa la nane ni la watakaopita mtihani wake tu, na mtihani ni Jumamosi. Nilikuwa namaliza la saba. Shule nyingine ilikuwa mbali mno, na kwetu msichana aliyeacha shule aliolewa, basi.

Sisi ni Wasabato. Ijumaa, kabla jua halijazama, viatu vilikuwa vimepakwa rangi, kuni zimeletwa na chakula cha kesho kimepikwa. Jumamosi hatukugusa jembe, sembuse kalamu ya mtihani. Alhamisi mama akamwendea meneja.

"Bwana meneja, nakuomba, mpe huyu mtoto mtihani Jumapili."

"Mama, Jumapili niko misa."

"Basi Jumatatu."

"Nikikukubalia wewe, kila mzazi atakuja na siku yake."

Mama akarudi nyumbani ameishiwa nguvu kabisa.

Jumamosi tukavaa nguo za kanisa. Njia ya kanisani inapita shuleni, shetani hana haya. Dirishani nikaona wenzangu wanaketi, hata watoto wa Wasabato ambao wazazi wao walikuwa wamefumba macho. Nikalia hadi pumzi ikakatika. Mama akasimama.

"Ingia."

"Mama, ni Sabato."

"Nimesema ingia! Mungu ataniuliza mimi."

Nikaingia. Sijui niliandika nini. Nilipotoka, mama alikuwa ameketi kwenye nyasi nje ya lango, Biblia mapajani. Kanisani hakwenda. Wazee wa kanisa walikuwa wamempita pale, hawakumsalimu.

Jumatatu meneja alitupanga gwaride akawaita waliopita. Akamaliza. Nikadhani ameniruka, nikamfuata hadi ofisini. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Jaribu kwingine, msichana wangu." Haki ya Mungu, ningemng'ata.

Sikumwambia mama, alinisoma usoni. Siku hizo zote nilitamani anichape, anitukane, chochote.

Jumamosi iliyofuata nilivaa nguo za kanisa nikamngoja mlangoni. Alitoka na vikapu viwili vya kuchumia majani chai, akaniwekea kimoja miguuni.

"Vua hizo nguo," akasema. "Twende kazi."