Kichwa cha Jasper Nyangate

Mtu akikwambia kwamba ndugu yangu Jasper Nyangate alikuwa nyota wa kandanda, mwulize nyota wa wapi. Mimi ni Kemuma, dada yake mkubwa, nauza ndizi soko la Mosocho, na nilimbeba mgongoni kabla hajajua mpira ni nini, kwa hivyo sina haja ya kumtilia chumvi. Jasper alikuwa fowadi wa kuziba pengo. Mshambuliaji wa timu fulani akiumia, simu ya Jasper inalia. Mshambuliaji akipona, Jasper anakunja nguo zake anaondoka. Miaka na miaka aliishi hivyo: timu ya kampuni ya miwa huko magharibi, timu ya Nakuru, timu mbili za Nairobi ambazo leo hata hazipo, Mombasa msimu mmoja, Mwanza nusu msimu, halafu Thika. Kila mahali alifunga mabao yake machache, akapigiwa makofi, akasahauliwa.

Kilichomlisha ni kichwa. Miguu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kawaida tu. Hata vijana wa kwetu Itumbe, wanaochuma majani chai kutwa, walimpokonya mpira chini bila kutoa jasho. Lakini mpira ukiwa hewani, wee! Aliruka mapema kuliko beki, akakaa huko juu kidogo, halafu akaugonga kwa paji la uso mpaka wavu unalia. Wakamwita Nyundo. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yetu.

Mama hakuwahi kumwona akicheza. Sisi ni Wasabato, na ligi za Kenya hii haziijui Sabato. Jumamosi Mama yuko kanisani, mwanawe yuko uwanjani. "Mungu ana subira," alikuwa akiniambia tukitoka kwenye ibada, "lakini subira si usingizi." Mimi nilikuwa nacheka. Nilimwambia, Mama, Mungu ana mambo mengi kuliko kuhesabu nani kafunga bao Thika. Siku hizi sicheki.

Maana ilikuwa huko Thika. Mpira wa kona ulipigwa, Jasper akaruka, na goti la kipa likampata hapa, juu kidogo ya sikio la kulia. Akaanguka kama gogo. Wakammwagia maji, akainuka, wakamuuliza yuko wapi, akasema yuko Mwanza. Wakacheka! Watu wazima, wenye wake na watoto nyumbani, walicheka, wakamrudisha uwanjani, na kabla ya kipenga cha mwisho akafunga kwa kichwa hicho hicho. Wakambeba juu juu wakimwita shujaa. Mtu akileta neno hilo karibu na meza yangu ya ndizi mpaka leo, namfukuza.

Msimu ulipoisha Thika hawakumtaka tena. Akarudi Itumbe kwa mkewe Lavender, akajiunga na Nyota ya Suneka, timu ya daraja la chini, apate pa kukimbilia. Hapo ndipo tukaanza kuona mambo. Kichwa kilimuuma tangu jogoo anawika. Alifunga madirisha mchana kweupe. Alianza sentensi akaiacha njiani, akakutazama kama wewe ndiye uliyeiba. Siku moja nilikuwa kwao, Lavender akampakulia ugali na chinsaga, ile mboga yetu chungu. Akala, halafu akang'aka kwamba amepewa chakula kidogo. Nikaangalia sahani. Nusu ilikuwa tupu, na nusu ya pili, ya upande wa kushoto, haijaguswa. Lavender aliizungusha sahani, naye akaendelea kula.

Nilipomuuliza Lavender, alijibu kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nimezoea. Nikimpa chai namwekea kikombe mkono wa kulia."

Haya, mimi si mtu wa kungoja. Nilimburuta mpaka Kisii mjini kwa Daktari Farhiya, binti wa wafanyabiashara wa pale mjini, mpole, ila hapaki maneno asali. Walimpiga picha ya kichwa. Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Dada Kemuma," akasema, "huu si ugonjwa wa juzi. Ubongo umetikiswa mara nyingi, na mahali pamoja pana damu iliyovuja. Nataka aonwe na wataalamu Nairobi haraka. Na kuanzia leo asiguse mpira kwa kichwa. Hata mmoja."

Jasper akauliza, "Na msimu huu ukiisha, daktari?"

"Kaka, sizungumzi habari za msimu. Mmoja tu unaweza kukuua. Au ukuache hai, na usijue mkeo ni nani."

Jasper alitoka pale anapiga mluzi. Nilitaka kumzaba kofi, nikakumbuka ni kichwa.

Sasa ngoja nikwambie ujinga wetu, maana ni wetu kabisa, haukuletwa na mgeni. Mjomba wetu Obwocha aliposikia habari za Nairobi aligonga meza. "Tangu lini Mgusii akapelekwa Nairobi kwa sababu ya kichwa? Mfupa una ufa, damu chafu imekaa chini yake, basi! Omobari yupo."

Omobari ni fundi wa vichwa. Kwetu wapo tangu zamani za mababu. Mtu akipigwa rungu au akianguka kutoka juu ya mti, na kichwa kikikataa kupona, omobari hupasua ngozi, hukwangua mfupa mpaka ufa uishe, kisha hufunga kidonda. Wengine walipona wakarudi shambani, sitasema uongo. Wengine walizikwa, na hao hawana nafasi ya kusimulia.

Walinificha. Walimpeleka kwa mzee Nyangau, omobari wa huko milimani, mimi nikiwa sokoni napigia watu kelele za ndizi. Nilipokuja kumwona tena, alikuwa amefungwa kitambaa kichwani na amekonda. Nikamtukana Mjomba maneno ambayo Msabato hapaswi hata kuyajua. Mjomba akanijibu kwa utulivu, "Muulize mwenyewe kama kinauma."

Nikamuuliza. Jasper akatabasamu. "Hakiumi, Dada. Haki ya Mungu, hakiumi."

Na hapo ndipo penye ubaya wote. Kichwa kiliacha kuuma, au alisema kimeacha, na ukoo mzima ukashangilia. Mjomba akawa anatembea Suneka kifua mbele. "Kichwa kilichokwanguliwa ni kipya," alimwambia kila aliyesimama. Habari za Nairobi zikafa. Hata Mama, aliyekuwa amekunja uso mwanzoni, alisema pengine Bwana amependa kupitia mkono wa mzee Nyangau.

Mimi nilifunga safari mpaka kwa huyo mzee. Nilimkuta anapalilia mahindi, mtu mfupi, macho mekundu.

"Mzee, shikamoo. Umemwambia ndugu yangu anaweza kucheza mpira?"

Akasimamisha jembe. "Mpira? Mwanangu, mimi nilimwambia kichwa kile kimebaki cha kuvalia kofia. Pale nilipokwangua mfupa umekuwa mwembamba mno. Hata mtoto wake asimpige kofi la mchezo. Kwani hakuwaambia?"

Hakutuambia. Umesikia hayo? Daktari wa mjini na omobari wa mlimani, watu ambao hawawezi kukubaliana hata jua linachomoza wapi, walikubaliana juu ya kichwa cha ndugu yangu. Nilirudi nikawaeleza wote. Mjomba akasema nimemchanganya mzee kwa maswali yangu.

Wakati huo Nyota ya Suneka ilikuwa imefika fainali ya eneo letu, na neno likapita kwamba skauti wa timu moja ya Nairobi atakuja kutazama. Nilimwendea kocha Abner, tunayesali naye kanisa moja.

"Abner, usimchezeshe huyo mtu. Nakuomba."

"Dada Kemuma, mtu wa kwetu akishatoka kwa omobari ni mzima. Baba yangu alikwanguliwa, akaishi mpaka uzee."

"Na alikuwa anapiga mipira kwa kichwa?"

"Aa, alikuwa analima."

"Basi mpe Jasper jembe!"

Akacheka. Akasema mimi nina mdomo, angenisajili niwe beki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wahenga hawakuwa wamemjua Jasper, wangetaja kiungo kingine.

Siku mbili kabla ya mechi, Jasper mwenyewe alikuja sokoni. Akakaa kwenye kreti tupu, akamenya ndizi, akaila polepole.

"Dada, nipe hii moja tu. Yule skauti amenitaja kwa jina. Msimu mmoja Nairobi, halafu naning'iniza viatu."

"Utacheza na nini, wewe? Bila kichwa?"

"Na miguu."

"Miguu gani? Hiyo?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nikikaa nyumbani, mimi ni nani? Niambie. Hapa nikipita watoto wanaita Nyundo. Nikikaa Itumbe nachuma chai, nani ataniita?"

Nililia. Soko zima likaona, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Nilimwambia nitamwita mimi, nitamwita jina lolote analotaka, kila asubuhi, mradi awe ananiitikia. Nikampigia magoti katikati ya maganda ya ndizi, dada mkubwa kwa mdogo wake, jambo ambalo kwetu halifanywi. Akashtuka, akaniinua.

"Dada, inuka, tafadhali. Naapa. Mpira ukija juu, nitauacha upite."

"Apa kwa Mama."

"Naapa kwa Mama."

Jumapili mawingu yalianza kujikusanya kabla ya saa sita. Suneka ilikuwa imejaa mpaka juu ya ukuta wa shule. Nilisimama karibu na mstari pamoja na Lavender, mkono wake ndani ya wangu, baridi. Jasper alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kufunika lile kovu. Alicheza vibaya, Mungu wangu, alicheza vibaya! Alipewa pasi akageukia upande usio na mtu. Aligongana na mchezaji wa timu yake mwenyewe, wakaanguka wote wawili, na nikasikia mtu nyuma yangu akisema huyu mzee kalewa. Kila mpira ulipopaa kuelekea kwake nilimbana Lavender mkono. Lakini mabeki waliuwahi, au upepo uliupeleka kwingine, na nikawa nahesabu kila mmoja kama deni lililosamehewa.

"Nyundo! Nyundo, gonga!" watu walipiga kelele.

Hakuna aliyekuwa amefunga. Mvua ilianza kudondoka. Abner alikuwa anaangalia saa yake wakati Haron, winga wa kushoto, alipompita beki mmoja, akampita wa pili, akainua kichwa na kumtafuta Jasper. Alimwona. Akauchonga mpira. Ulikuwa mpira mtamu, hata mimi nisiyejua kitu nilijua. Ulipaa, ukaanza kushuka taratibu mbele ya goli, kwenye kimo kile kile kilichomlisha Jasper maisha yake yote. Hakukuwa na beki karibu. Kipa alikuwa ameteleza. Suneka nzima ikanyamaza, na mimi nikafumba macho, kisha nikayafumbua, maana ni ndugu yangu.

Jasper hakuruka.

Alisimama tu, mikono chini, akitazama goli. Mpira ukapita karibu na sikio lake la kushoto, ukadunda, ukatoka nje.

Matusi yaliyofuata siwezi kuyarudia. Mtu alirusha chupa. Yule skauti, niliyekuwa nimeonyeshwa, alifungua mwavuli wake akaanza kuondoka. Na mimi nikapiga vigelegele. Peke yangu, uwanja mzima ukinigeukia kama mwendawazimu, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda ndugu yangu dakika ile. Nilimwambia Lavender, "Umeona? Ameacha! Ameacha upite!" Aliutoa mkono wake ndani ya wangu akajifunika uso.

Kipenga kilipolia nilikimbia ndani ya uwanja, viatu vikabaki kwenye matope. Nikamkumbatia, jasho na mvua vyote.

"Asante," nikamwambia. "Asante, mwana wa mama yangu. Umetunza kiapo."

Akanitazama haelewi. Akajinasua kwa hasira.

"Kiapo gani, Dada? Niliwadanganya wote. Nilimwambia Haron tangu asubuhi, nipe mmoja tu juu, nifunge, nimalize. Nimeungoja mchezo mzima. Mbona hakuuleta?"

Haron alikuwa amesimama pale pale, upande wa kushoto wa Jasper, karibu kiasi kwamba bega lake lilikuwa linamgusa.

"Kaka," Haron akasema, "niliuleta."

Jasper akageukia kulia, akaanza kumtafuta aliyesema.