Mafuta ya Jua na Maji ya Saa Nne

Mimi, kitu kikiingia kwenye ngozi ya mwanangu lazima nijue kinakwenda wapi. Ndivyo nilivyo. Wanaonijua wanasema nina roho ya polisi. Waseme.

Binti yetu wa pili alizaliwa na ualbino, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo hata muuzaji hajui kazi yake. Tulikaa Usa River. Baba yake alikuwa mpishi wa wageni wanaopanda Mlima Meru, na mimi nilikuwa kwenye shamba la maua, ndani ya zile nyumba za nailoni, nakata waridi. Jua la kwetu linadanganya. Unavaa sweta kwa ubaridi wa mlima, kumbe mtoto anaungua. Alipotimiza miaka saba akaanza shule, na mwezi wa kwanza tu midomo ilipasuka, masikio yakawa yanamenyuka kama kitunguu.

Siku moja baba yake akashuka mlimani na tyubu tatu za mafuta ya kuzuia jua walizoacha wageni, nyingine nusu, nyingine robo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kiwanja.

"Mpake kabla hajatoka," akasema. "Wageni wote wanapaka."

Nikaichukua tyubu moja nikaigeuza. Mgongoni kulikuwa na maandishi madogo madogo, majina marefu ya kemikali, lugha sijui ya wapi. Machale yakanicheza. Majina ya namna ile niliyaona kila siku kwenye madumu ya dawa kule shambani.

"Inafanyaje kazi?" nikamuuliza.

"Inazuia jua."

"Inazuiaje, na ukishapaka haionekani? Imekwenda wapi?"

"Imeingia kwenye ngozi, mama watoto."

"Na ikitoka kwenye ngozi inaingia wapi?"

Akasema yeye ni mpishi, nimwache ale.

Msimamizi wetu shambani alitufundisha jambo moja, na alilirudia mpaka tukalishika: dawa haingii kwa mdomo tu, ngozi nayo inakunywa. Ukigusa waridi lililopuliziwa, usisubiri jioni. Kengele ya chai ya saa nne ikilia, nenda bombani, sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo ushike mkate. Mwenzangu mmoja aliyedharau alianza kutetemeka vidole, akapewa barua ya kuachishwa kazi bila maelezo. Sasa mtu aliyeyaona hayo anaambiwa ampake mtoto kemikali kila siku ya Mungu. Wale wageni wanapaka siku nne wanarudi kwao. Wangu angepaka maisha yake yote.

Nilijijaribia kwanza mwenyewe. Nikapaka mkono wa kushoto wiki nzima, nikawa nanusa jasho langu na kuangalia rangi ya mkojo. Sikuona kitu, na huko kutoona kitu ndiko kulikonizidishia shaka.

Siku hizi nasikia wataalamu wenyewe wanakiri kwamba baadhi ya kemikali hizo kweli huingia damuni, ila kama zina madhara humo bado wanachunguza. Nilipolisikia hilo redioni niliongeza sauti ili nyumba nzima isikie. Kwa hiyo shaka yangu haikuwa ya kijinga, na nataka hilo lijulikane. Nilichokifanya na hiyo shaka ni habari nyingine.

Sikubishana na baba yake. Kila asubuhi nilimpaka mtoto, tena mbele ya macho yake akiwepo. Halafu nikimsindikiza mtoto mpaka njia panda, namnong'oneza sheria ya shambani: kengele ya saa nne ikilia, nenda bombani, unawe uso, masikio, shingo na mikono, kwa sabuni. Nilimkatia kipande cha sabuni ya mche, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, akawa anakwenda nacho.

"Isikae mpaka ikafika damuni," nikamwambia. "Na usimwambie baba, atatugombeza."

Nilijiona nimepatia kabisa. Jua la asubuhi limezuiwa, na sumu imetolewa kabla haijafika mbali. Kumbe hiyo saa nne ndiyo jua linaanza kazi. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Kwangu saa nne ilikuwa saa ya kunawa, basi.

Alitii. Mtoto yule alikuwa mtiifu mpaka inaudhi. Sabuni ikiisha alikuja kuniomba kipande kingine. Akishanawa anarudi uwanjani, au kwenye bustani ya shule na jembe lake, mpaka saa ya kutoka. Masikio hayakupona, na mimi nikasema, si mnaona, mafuta yenyewe hayana lolote. Kisha juu ya sikio la kulia kikatokea kidonda kidogo, kikawa kinakauka na kurudi. Nikakipaka samli miezi miwili. Baba yake alipokiona, akatuchukua wote wawili mpaka hospitali mjini Arusha.

Daktari wa ngozi alikuwa mama mtu mzima. Mtoto akamwamkia shikamoo, akaitikia, akalishika lile sikio muda mrefu. Akasema kidonda kile hakipendi. Angekata kipande kikapimwe, na huenda baadaye ikabidi kukata zaidi. Akauliza kama mtoto anapakwa mafuta ya jua.

"Kila siku," baba yake akajibu. "Nayaleta mwenyewe."

Daktari akatikisa kichwa. "Ngozi hii mchana haina mafuta. Yalitakiwa yarudiwe, na huyu hata ya asubuhi hayakai." Akamwinamia mtoto. "Shuleni huwa unayafuta?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni, ya shamba, ya sabuni, ya damu. Nikasubiri anitaje, nianzie hapo.

Hakunitazama. "Huwa nanawa kwa sababu ya jasho," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

Baba yake alimgombeza kuanzia mlango wa hospitali mpaka Usa River, kwamba yeye anahangaika mlimani kwa ajili yake, na mtoto anakwenda kulimwaga jasho la baba yake bombani. Mwanangu alikaa katikati yetu, sikio limefungwa bandeji, akisema ndiyo baba, samahani baba. Mimi nilikuwa naangalia dirishani.